Mkasi Usiojua Kusoma

Kanga kuukuu ifikapo mezani kwa mshonaji wa mifarishi ya viraka, kitu cha kwanza kuondolewa ni jina. Mji hupona, kwa kuwa ndani yake mna maua, korosho au mananasi, navyo hupendeza vikikatwa miraba. Pindo hupona pia, maana mistari yake hufaa kuzungushiwa kingo za mfarishi. Lakini ule ukanda mwembamba ulio juu ya pindo la chini, ukanda uliobeba maneno, hauna kazi. Herufi haziwiani na ua. Basi hukatwa na kutupwa kapuni pamoja na nyuzi. Au, mambo yakiwa mabaya zaidi, huachwa vipande vipande, nusu ya neno hapa na silabi mbili kule, zikiwa zimepinduliwa miguu juu, kama mapambo. Alalaye chini ya mfarishi huo amejifunika shairi lililochinjwa, wala hana habari.

Biashara hii si ngeni tena. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, na Lamu, na Mombasa, mikoba, foronya na mifarishi ya kanga hutundikwa milangoni kuwasubiri wageni. Na huko ng'ambo, Ulaya na Marekani, wapo washonaji wasiotaka kanga mpya. Wanatafuta iliyofifia, iliyolainishwa na miaka ya kufuliwa na kuanikwa juani, kwa sababu rangi yake imetulia na uzi wake hauipingi sindano. Huiita kwa jina moja la jumla, kitambaa cha kale cha Kiafrika, kisha huiweka kapu moja na adire ya Wayoruba, kitenge cha Kiholanzi na kitambaa cha tope kutoka Mali. Ni mapenzi, hilo halina ubishi. Mtu hanunui nguo yenye tundu kwa bei ya nguo nzima ila awe ameipenda. Lakini yapo mapenzi ya kumpenda mtu kwa sura yake na kutotaka kuisikia sauti yake, na haya ni ya aina hiyo.

Kapu lile ndilo chanzo cha kosa. Vitambaa vile si ndugu kwa namna mnunuzi anavyodhani. Kitenge nacho kina majina: huko Ghana na Togo wanawake wafanyao biashara ya vitenge ndio waliokuwa wakiyabatiza maua mapya, na jina likishika sokoni kitambaa kiliuzika kwa jina hilo. Ila jina la kitenge hukaa kinywani. Mkasi hauwezi kulifikia. Mtu akikata kitenge vipande mia, muuzaji wa Lomé bado atakitambua na kukitaja. Jina la kanga limo ndani ya kanga yenyewe, limechapwa juu ya pamba, na likikatwa limekwenda. Ni nguo iliyoziweka siri zake zote mahali pamoja, tena mahali pasipo na kinga.

Na inafaa kuuliza kwa nini pwani iliamua kuliita jina. Ingaliweza kusema maneno, au maandishi, au ujumbe kama wasemavyo siku hizi wataalamu. Lakini mwanamke aingiapo dukani hunyanyua doti, akatazama rangi, kisha akauliza: "Jina lake nini?" Haulizi imeandikwa nini. Anauliza kama aulizaye juu ya mtoto aliyezaliwa jana. Kanga isiyompendeza jina huirudisha, hata mji wake uwe mzuri namna gani, maana ataivaa mbele ya wifi, mbele ya jirani, mbele ya mke mwenza, na kila mmoja ataisoma na kuipima imemkusudia nani. Saida Yahya-Othman aliliandikia makala jambo hili mwaka 1997, akaonyesha jinsi majina ya kanga yanavyompa mwanamke wa Kiswahili nafasi ya kusema yale ambayo adabu imemzuia kuyasema kwa mdomo. Nguo ndiyo inayosema. Mwenyewe anapita zake kimya, na akiulizwa atajibu kwamba amevaa kanga tu, ana kosa gani?

Sasa lichukuliwe jina lenyewe, jina la kawaida ambalo nusu ya nyumba za pwani zimewahi kuwa nalo: Japo sipati, tamaa sikati. Msomaji wa mashairi haihitaji miwani kuona kilichomo. Kuna kituo katikati, mizani tano kabla yake na sita baada yake. Kina cha kati ni -ti na cha mwisho ni -ti. Au hili: Mdhaniaye ndiye kumbe siye. Mizani kumi na moja tena, na sauti moja ya -ye inayogonga mara tatu kama mtu apigaye hodi mlango ambao mwenyewe hayumo. Si mizani nane za utenzi, wala si kumi na sita za shairi. Ni kipimo kingine, kifupi, kilichokatwa kulingana na upana wa nguo. Washairi wengi wenye diwani zao wangeshukuru kuandika mstari mmoja unaobeba kiasi hicho. Anayetaka kuijua nguvu ya jina la pili na ajaribu kulifasiri kwa Kiingereza. Huenda akakwama hapo hapo mwanzoni, kwa sababu lugha ile humvuta kwa urahisi kusema kama anayedhaniwa ni mwanamume au mwanamke, na Kiswahili kimekataa kusema. Ni mume? Ni shoga wa rohoni? Ni mwenye kuisoma? Kutotaja kule ndiko kunakoliwezesha jina moja kuvaliwa na wanawake elfu, kila mmoja akiwa na "siye" wake.

Likatwe. Mkasi upite baada ya neno la pili, mahali ambapo upana wa mraba umekwisha. Kinachobaki katika mfarishi ni Mdhaniaye ndiye. Kanga iliyotoa onyo sasa inatoa hakikisho. Iliyosema usimwamini sasa inasema mwamini. Au lichukuliwe lile la Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake, mkasi ukapita kwenye koma: mwanamke aliyeutangazia mtaa mzima kwamba haogopi masengenyo amegeuzwa mwoga wa simba. Na lile la kwanza likigawiwa foronya mbili, ya kulia italala na japo sipati na ya kushoto na tamaa sikati, kama wanandoa waliogombana. Lingekuwa jambo la kuchekesha kama wanaocheka wangekuwa wanajua wanacheka nini.

Watetezi wa mfarishi watasema kwamba kanga si msahafu, nao watakuwa wamesema kweli. Hakuna nguo iliyokatwa zaidi ya hiyo. Kanga humpokea mtoto azaliwapo, humbeba mgongoni, ikichakaa hukatwa ikawa winda lake. Kisha huwa kitambaa cha jikoni cha kushikia sufuria, na mwisho huwa tambara la kupigia deki. Bibi wa pwani hakuwahi kumwomba mtu ruhusa ya kuchana kanga yake, na atakayemwambia kwamba amehujumu urithi wa taifa atafukuzwa kwa ufagio, kwa haki kabisa. Hata asili ya nguo hii ni mkasi na sindano. Simulizi iliyoenea Unguja na Mombasa ni kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake walikuwa wakinunua leso za mkononi, zile zilizopewa jina na Wareno, zikiwa bado hazijatengwa. Walichukua sita, wakazikata tatu tatu, wakaziunganisha kwa mshono wa katikati ikapatikana nguo moja ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona hayo wakaagiza nguo nzima iliyochapwa kwa mfano ule. Kwa hiyo anayedai kwamba kushona viraka ni ugeni uliovamia kanga hajui anachokitetea. Kanga ilizaliwa kiraka.

Lakini na iangaliwe sindano ile ilikuwa ikielekea wapi. Ilikuwa ikiunganisha vidogo kupata kikubwa, vitambaa vya kufutia jasho vikawa nguo ya heshima. Na haikuwa heshima ndogo. Kabla ya hapo, mtu wa hali ya chini alijifunga merikani isiyotiwa rangi au kaniki iliyochovywa nili, na macho ya mjini yalimsoma daraja lake kabla hajafungua kinywa. Mwaka 1897 ilipotoka amri ya kufuta hadhi ya utumwa kisheria Unguja na Pemba, wanawake waliokuwa watumwa walizivua nguo zile na kujifunga kanga. Waliitaka nguo ambayo haikusema wao ni mali ya nani. Haukupita muda mrefu, mwanzoni mwa karne ya 20, nguo hiyo ikaanza kuandikwa. Pwani wengi husimulia kwamba aliyeanza ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, yule ambaye kanga zake zinajulikana mpaka leo kwa maneno "Mali ya Abdulla". Kanga ikawa na jina, nayo ikavaliwa na wajukuu wa watu ambao wengi wao walikuwa wamevuliwa majina yao na kupachikwa mengine. Atakaye kulikata na alikate akijua hayo.

Na tambara la kupigia deki je? Halikatwi nalo? Hukatwa, lakini baada ya kusomwa. Siku kanga inapokuwa tambara, jina lake limekwisha kazi. Limesomwa na mtaa mzima, limejibiwa, limezua ugomvi au limeupatanisha, na mwenye kulichana analijua kwa moyo. Linakufa kifo cha kawaida nyumbani kwake. Jina linalokatwa na mgeni halikufa kifo hicho. Hakulisikia hata mara moja.

Safari ya kanga hizi mara nyingi huanza sandukuni. Bibi amefariki, arubaini imepita, sanduku lake linafunguliwa, na ndani, katikati ya asumini zilizokauka, mna doti ambazo hakuwahi kuzivaa au alizivaa siku moja tu, siku ya harusi ya mwanawe. Wajukuu hugawana. Anayeishi mjini katika chumba kimoja hana mahali pa kuziweka, na ana ada ya shule ya kulipa. Akija mtu wa kuzinunua, huziuza. Hapana wa kumlaumu. La kumlaumu ni dogo zaidi, nalo ni kwamba hakukaa na shangazi yake jioni moja, zikakunjuliwa doti moja moja, akaulizwa: hii alipewa na nani, na hii alimvalia nani? Jioni moja ingetosha. Badala yake nguo huondoka zikiwa hazina mwenyewe, na zikifika huko ziendako huwa kitambaa cha kale cha Kiafrika. Yapo maneno kapuni humo ambayo aliyeyavaa aliyatafuta dukani kwa wiki nzima.

Zilizo hatarini zaidi ni zile ambazo hata mjukuu hawezi kuzisoma. Kanga za mwanzo zilizoandikwa zilibeba Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Herufi za Kirumi zilizipokea baadaye. Leo kijana aliyemaliza sekondari huitazama hati ile akadhani ni aya au dua, akaogopa kuikanyaga, lakini hajui kwamba ni Kiswahili cha bibi wa bibi yake anayemwambia mke mwenza neno kali. Mshonaji wa ng'ambo huiona ni nakshi nzuri, akaikata katikati ya neno ili mkunjo wa herufi ukae vizuri pembeni. Wote wawili wamekosa kusoma, ila mmoja ana mkasi. Wasomi wamehangaika karne nzima kukusanya miswada ya tenzi kutoka Lamu, Pate na Mombasa, kila ukurasa ukahesabiwa na kuwekewa namba, na walifanya vyema. Lakini miswada ile kwa sehemu kubwa ni ya nyumba zilizokuwa na karatasi na wino. Mwanamke wa Ng'ambo ya Unguja aliyeuza maandazi hakuacha mswada. Aliacha doti tatu. Ndiyo maktaba yake.

Hoja ya pili ya watetezi ni kwamba mfarishi huiokoa kanga na nondo, na kwamba kipande kilichoshonewa bitana na kutiwa pamba kitaishi miaka mia ambapo doti iliyosahauliwa sandukuni italiwa. Ni kweli kuhusu uzi. Lakini daftari likiokolewa kwa kuchanwa kurasa zilizoandikwa na kuhifadhiwa jalada, hakuna mwenye akili atakayesema limeokolewa.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo haistahili kupitwa haraka. Ni hoja ya riziki. Wapo akina mama visiwani na bara wanaoishi kwa kushona mikoba na mifarishi ya kanga. Wamesomesha watoto kwa cherehani. Na atakayesimama kutoka kwenye kiti cha mwandishi awaambie waache, kwa sababu ya mizani na vina, atakuwa amesahau njaa inafananaje. Basi wasiache. Ila ni ajabu iliyoje kwamba katika biashara hii yote, mtu pekee anayejua kusoma jina ndiye anayelipwa kwa kulikata! Mama yule, kabla hajashika mkasi, amekwisha kulisoma, hawezi kutolisoma. Huenda amecheka peke yake, huenda amekumbuka ugomvi wa zamani. Ujuzi huo haulipwi hata shilingi. Mnunuzi hulipia saa za mikono na mita za kitambaa, na kile ambacho hakuna mwingine duniani angeweza kumpa, yaani kumwambia hii inasema nini na husemwa kwa nani, hukitupa kapuni pamoja na mabaki. Anayeagiza mifarishi hiyo angekuwa mfanyabiashara mjanja angeona kwamba anatupa sehemu iliyo ghali.

Wala haisemwi hapa kwamba mfarishi hauwezi kubeba kumbukumbu. Unaweza, na uko ushahidi mbali sana na pwani hii. Katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba wameshona mifarishi ya viraka kwa vizazi kadhaa, na mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha New York, watu wakapigwa na bumbuazi. Mmoja wao, Missouri Pettway, aliushona wake mwaka 1942 baada ya kufiwa na mumewe, kwa nguo zake za kazi, ili ajifunike kwa kumkumbuka. Magoti yaliyochakaa yanaonekana. Hakuyaondoa, wala hakuyaficha. Alijua kila kiraka kimetoka wapi, na ndiyo sababu mfarishi ule ni mfarishi na si blanketi. Hapana ubaya kukumbusha pia kwamba merikani iliyovaliwa Unguja zama za Sayyid Said ililetwa na majahazi ya wafanyabiashara wa Salem, na pamba ya viwanda vya huko ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Waliochuma na waliovaa hawakuonana kamwe. Kama mshonaji wa Marekani anatafuta undugu na nguo za Afrika, undugu upo, ni wa kweli na una uchungu. Lakini haupatikani kwa kukata neno asilolijua. Missouri Pettway asingekata jina la mumewe.

Upande wa pili wapo wapenzi wa urithi wanaotaka kanga zote za kale ziwekwe nyuma ya vioo. Nao wana lao, na makumbusho kama ile ya Uingereza huko London huzihifadhi nzima na kuyafasiri maneno yake, jambo jema. Ila kanga ndani ya kioo haijibiwi. Afadhali mfarishi uliosomwa kuliko doti iliyofungiwa.

Kinachodaiwa, basi, si kikubwa. Kanga na ikatwe mji, ikatwe pindo, wala pasiwe na kilio, jina lisikatwe. Ukanda wake utolewe mzima, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na alama ya mwenye mali iwapo ingalipo, na ushonwe mahali unapoweza kusomwa. Ukiharibu mpangilio wa maua upande wa juu, uwekwe chini, juu ya bitana. Upana wa kanga ni kama mita moja na nusu, na mfarishi wa kitanda una nafasi ya kutosha kwa majina kumi yakipangwa safu kama beti. Aliyekuwa na nguo aulizwe, na akiwa amefariki aulizwe aliyemjua, na jibu liandikwe kwenye karatasi iendayo na mfarishi, kwa Kiswahili kwanza. Mama anayeshona alipwe kwa kusoma kama anavyolipwa kwa kushona. Hati za Kiarabu zisiguswe na mkasi kabla hajapatikana wa kuzisoma, naye yupo: katika kila mtaa wa Mji Mkongwe na wa Lamu hakosi mzee mmoja, akisubiri kuulizwa, na hatasubiri milele.

Na mnunuzi, awe wa Chicago au wa Mikunguni, kabla hajafungua mkoba wake na amuulize muuzaji swali lile lile la dukani. Jina lake nini? Akijibiwa kwamba ni kitambaa tu, alipe bei ya kitambaa tu.